Masika ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 1 Machi 1993

Nimeanza kazi leo. Kituo cha ufundi hapa Tandika, karakana ya vyuma, msaidizi wa mwalimu.

Kiwandani nilikuwa naandika taarifa kila jioni kabla ya kukabidhi zamu: mashine ipi imesimama, ipi inalia vibaya, nani hakuja. Tangu Desemba walipotupunguza, kila ikifika saa ya kukabidhi zamu mkono unaniwasha. Mke wangu Tunu kachoka kuniona nazunguka uani, kaninunulia daftari. "Andika basi taarifa yako, Baba Nusaiba, hata kama hakuna wa kumkabidhi." Ndilo hili.

Mwalimu mwenyewe ni binti. Anaitwa Kokuberwa, Mhaya, kasomea ualimu wa ufundi Morogoro, na kwa umri hampiti sana Nusaiba wangu aliyeolewa Kawe. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha kwa adabu hizo hizo kaniambia kazi inaanza saa moja u nusu, siyo saa mbili. Nimeitikia. Hiki ni kibarua cha kupitishia mvua tu. Kiwanda kinatafutiwa mwenyewe mpya, na akipatikana mafundi wa zamani ndio watakaoitwa kwanza. Hapo nitaaga.

Jumatano, 3 Machi

Vijana si wabaya. Watatu nimeshawashika majina. Farhan, mtoto wa bondeni hapa Mtoni, mdomo haupoi. Leodegar, katoka Mahenge, anakaa kwa shemeji yake Mbagala. Mwili kama mlango, sauti kama ya bibi harusi. Na Shamimu, msichana pekee katika vyuma, anajifunga kilemba kabla hajashika chombo na hasemi na mtu mpaka amalize.

Wote wanashika tupa ya kukwangulia chuma kama mwiko wa ugali. Nimemnyang'anya Leodegar, nikamnyooshea kipande chake. Kashukuru sana.

Jumatatu, 8 Machi

Kazi imekwenda vizuri. Anayekwama ananiita, nakaa pale pake, namalizia. Wameanza kuniita "Fundi Mfaume" kwa heshima. Saumu haikunisumbua leo.

Alhamisi, 11 Machi

Leo nimeudhiwa.

Mwalimu Kokuberwa kavipanga vipande vya darasa zima juu ya meza, kimoja kimoja, kama muuza samaki. Vimenyooka vyote. Nikadhani atasifu. Alisubiri vijana watoke, akasema, "Mzee Mfaume, hivi vyote vina mkono mmoja."

Nikasema, "Mkono gani?"

"Wako. Juni vijana watafanya jaribio la ufundi daraja la tatu. Siku hiyo utawafanyia nani na nani?"

Nikamwambia mie nimefundishwa ufundi kwa kutazama. Fundi anafanya, unatazama, ukikosea unakula kofi, mpaka siku mkono unajua wenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuanzia kesho, tafadhali, usishike kipande cha mwanafunzi. Sema naye."

Tafadhali! Mie nimeshika vyuma tangu yeye anatambaa. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kukaa na watu. Tunu kaniuliza kulikoni, nikasema ni saumu.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la karakana linavuja juu ya meza ya tatu. Mwalimu akitoka, nafanya kama zamani. Akirudi, naweka mikono nyuma.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Nusaiba kaja na wajukuu. Mwalimu Kokuberwa naye kaja, kabeba ndizi mbichi mkungu mzima, kakaa jikoni na Tunu na kula pilau kwa mkono kama mtoto wa Temeke. Tunu anasema ni mtu mzuri. Nikasema, mgeni siku ya Idi nani atakuwa mbaya.

Jumatano, 31 Machi

Mvua. Mvua.

Jumatano, 7 Aprili

naandika kwa kushoto. mkono wa kulia umevunjika. siwezi zaidi

Ijumaa, 9 Aprili

Anayeandika ni Tunu. Mie nasema, yeye anaandika.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Usiku mvua ilimwaga, tukakuta meza ya tatu imelowa chepechepe na mashine ya kutobolea chuma iko chini ya bati linalovuja. Tukaamua kuisogeza. Mie na Farhan upande mmoja, Leodegar upande wa pili peke yake, maana ana nguvu. Sakafu ilikuwa na utelezi. Leodegar mguu ukamponyoka, mashine ikainama, nami badala ya kuruka pembeni nikaipelekea mkono kuidaka. Mazoea ya kiwandani: mashine isianguke. Ikaanguka na mkono ukiwa chini.

Leodegar aliinyanyua peke yake. Sijui aliinyanyuaje. Shamimu akavua kilemba chake, akanifunga mkono nacho, kichwa wazi mbele za watu, akanishika bega mpaka hospitali. Sikumsikia akilia wala kusema. Leodegar ndiye aliyelia. Alilia njia nzima, nami nikawa namwambia, "Mwanangu, mie ndiye niliyeumia, nyamaza nilie mie."

Wamenifunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili vimevunjika na mfupa wa nyuma ya kiganja. Wiki sita, wamesema, kisha tuone.

Leo kaja Mwalimu Kokuberwa kunijulia hali. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia, "Mwalimu, nakushukuru kwa wema wako. Mtafute mtu mwingine. Msaidizi wa karakana asiye na mkono atasaidia nini?"

Akatazama plasta, akanitazama mie. "Mkono umevunjika, Mzee Mfaume. Mdomo je?"

"Mdomo mzima."

"Basi Jumanne uje, Jumatatu ni Pasaka."

(Hapa mie Tunu naongeza la kwangu: alipoondoka, mwenye daftari hili aligeukia ukutani. Hataki niandike, nimeandika.)

Jumatano, 14 Aprili

Tunu anaandika.

Siku mbili mbaya. Sijui kufundisha. Nimesimama nyuma ya Shamimu, naona kipande chake kinapinda kati kama mgongo wa samaki, nikafungua mdomo, yakatoka "Siyo hivyo. Hivi. Namna hii." Na mkono wa kuonyesha hiyo "hivi" umelala kwenye kitambaa cha shingoni. Farhan kacheka. Sikumlaumu, hata mie ningecheka. Miaka yote ile mkono wangu ulijua kitu, na haukuwahi kuniambia mwenyewe ni kitu gani.

Jumapili, 18 Aprili

Anaandika Tunu.

Kuna binti wa jirani anakuja kujifunza vitumbua. Nimekaa barazani sina kazi, nikawa nawasikiliza. Tunu yuko upande huu anachagua mchele, hata hamtazami. "Bado," anasema, "mafuta yanapiga kelele, hayajawa tayari. Sikia. Sasa yametulia, mimina." Binti akamimina, kikatoka kitumbua duara safi.

Nikamwuliza Tunu nani kamfundisha kufundisha hivyo. Akasema, "Mie naogopa kuungua. Nikimwambia kwa mdomo, mie siungui." Lakini mie nimelichukua.

Alhamisi, 22 Aprili

Leo nimewafumba macho. Nimemwambia Leodegar apige tupa, wengine wasikilize tu. Tukazungumza sauti. Ikilia kama paka aliyekanyagwa, umebonyeza mno. Ikisema shaa, shaa, kama mchanga unamwagwa, chuma kinalika. Wakabishana wenyewe. Mwalimu Kokuberwa alikuwa mlangoni, sikumwona mpaka mwisho. Jioni kanipa mwavuli wake nirudi nao.

Jumanne, 27 Aprili

Mvua usiku na mchana. Umeme hakuna, nguzo imeanguka. Farhan hajaja tangu Ijumaa.

Ijumaa, 30 Aprili

Tunu anaandika. Kasema nisiende mbio, mkono wake mmoja tu wa kuandikia. Sasa tuko sawa.

Jumatano Farhan alikuja. Aliingia karakana kimya, na Farhan kuingia mahali kimya ni habari tosha. Hakuleta chombo. Alisimama mbele yangu, akasema, "Shikamoo, Fundi. Mama anatapika na kuharisha. Tumempeleka hospitali kwa toroli. Bonde zima, Fundi. Mtoto wa nyumba ya nne kafa alfajiri."

Kule bondeni maji safi ni ya pampu moja, ile ya mkono uani mwa msikiti. Mengine ni ya visima vifupi, na mvua hizi zimetapisha vyoo vikaingia visimani. Pampu ilikatika wiki iliyopita, watu wakarudi visimani. Ndivyo ilivyoanza.

Farhan akatoa kwenye mfuko vipande viwili vya chuma. Ilikuwa pini ya mpini wa pampu, chuma cha duara urefu wa shibiri, kimekatika kati kama muwa. Kaka yake kazunguka Kariakoo nzima. Siku hizi Kariakoo unapata kila kitu, viatu vya Dubai, redio za kila rangi, lakini pini ya pampu ile hakuna. Wazungu walioifunga waliondoka zamani na vipuri vyao.

Mwalimu Kokuberwa akavipokea vile vipande, akavipima kwa macho. Akanigeukia. "Mzee Mfaume, unaiweza?"

Nikasema, "Ningekuwa na mkono, adhuhuri ingekuwa tayari."

"Sikuulizia mkono."

Basi. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Leodegar, nenda gereji ya kona, waombe shafti ya gari bovu, nene kuliko hii kwa unene wa ukucha." Akaondoka mbio kwenye mvua. Umeme ukiwepo ingekuwa kazi ya mashine ya kukereza, dakika chache. Haupo. Ilibidi iwe msumeno na tupa, kwa mkono.

Leodegar alikata, nusu ya asubuhi ikaisha kwa kukata. Tukakibana kwenye jiliwa, lile taya la chuma la kwenye meza, wakaanza kupokezana tupa. Mie nasema, wao wanafanya. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa namwona yule mtoto wa nyumba ya nne, ingawa simjui sura. Leodegar naye alikuwa na haraka, akabonyeza kwa uzito wake wote, nami sikumzuia, nikawa nasema "Twende, twende." Alasiri tukaenda bondeni kuijaribu. Ikacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto. Tumeila mno.

Leodegar akakaa chini kwenye tope. Watu walikuwa wamesimama na ndoo zao. Mama mmoja akasema, "Si neno wanangu, poleni na kazi." Hilo ndilo lililoniuma kuliko tusi.

Jana tukaanza upya na kile kilichobaki cha shafti. Chuma kilitosha pini moja. Nikamweka Shamimu kwenye tupa. Kwa muda ilikwenda. Kisha nikaona anaanza kula upande mmoja, nami uoga ukanishika, nikapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Siyo hivyo! We msichana, husikii?"

Akaiweka tupa mezani. Akageuka. Hakupandisha sauti.

"Fundi, mie sijui 'hapo' ni wapi. Wewe unaniona, mie sijioni. Niambie mie nafanya nini."

Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati. Nikamtazama Mwalimu Kokuberwa, nikitaka amkemee. Hakumkemea. Alikuwa anangoja jibu langu kama wengine.

Nikafumba macho. Nikajiweka pale kwenye jiliwa, mie mwenyewe, na mikono yangu miwili, nikajiuliza: Mfaume, mguu wako uko wapi? Nyonga iko wapi? Unasukuma na nini? Nikaanza kusema nilichokiona humo ndani. "Miguu yako umeibana pamoja. Wa kushoto uende mbele. Unasukuma kwa bega, ndiyo maana tupa inalala upande mmoja. Sukuma kwa nyonga, bega lifuate. Ukirudi inyanyue, usiiburute, tupa haili ikirudi. Mkono wa mbele uanze mzito umalize mwepesi, wa nyuma kinyume chake."

Akasimama upya. Shaa. Shaa.

Nikasikia Farhan anashusha pumzi.

Baada ya hapo sikunyamaza tena. Nikamwambia Farhan awashe kibatari, pini waipake masizi, waiingize kwenye tundu la kile kikombe cha pampu tulichokifungua bondeni juzi tukaja nacho, waitoe. Masizi yanapofutika ndipo panapozidi. Pale tu, kidogo, kisha masizi tena. Walifanya hivyo mpaka adhana ya magharibi, Shamimu akichoka Farhan, Farhan akichoka Leodegar. Leodegar aliogopa kugusa. Nikamwambia, "Mwanangu, jana ulifuata maneno yangu, na maneno yalikuwa mabaya. Leo ni mazuri. Njoo." Akaja. Akapiga tupa kama anampangusa mtoto uso.

Leo asubuhi tulimalizia, tukashuka bondeni kabla ya swala ya Ijumaa. Pini iliingia kwa kugongwa kidogo na kitako cha nyundo, ikakaa. Farhan akashika mpini. Akapiga, akapiga, pampu ikakohoa hewa, ikakohoa, kisha maji. Ya kahawia kwanza, halafu meupe. Farhan hakuacha kupiga. Ndoo ikajaa, ikamwagika, hajaacha. Kaka yake ilibidi amshike mikono.

Wale watu walinishukuru mie. Wamenishika mkono wa kushoto, wazee, akina mama, wote wanasema Fundi, Fundi, nami nasema si mie, tazameni mkono wangu, ni hawa. Walidhani najishusha.

(Tunu hapa: kaumiza koo, leo sauti inakwaruza. Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akitumia maneno mengi namna hii. Namwomba Mungu mengine yaletwe nyumbani.)

Jumatano, 5 Mei

Mama yake Farhan katoka hospitali. Alhamdulillahi. Farhan mdomo umemrudia wote.

Kaja Sadallah, tulifanya naye zamu moja kiwandani. Anasema mwenyewe mpya kapatikana, wataita mafundi baada ya Idi ya kuchinja. "Plasta utatoa lini?" kaniuliza. Nikamjibu. Kaondoka na furaha. Mie nilibaki nimekaa.

Jumanne, 11 Mei

Mvua inakata, inarudi. Vijana wanajiandaa na jaribio.

Leo wakati wa chai nimemwuliza Mwalimu Kokuberwa jambo nililokuwa nalo tangu Machi. Kwa nini siku ile alinizuia kuwasaidia, tena mbele ya vipande vizuri?

Akacheka kidogo. "Morogoro nilikuwa mwanamke peke yangu darasani. Walimu walinionea huruma. Nikikwama tu, mmoja anakuja, 'Lete dada, nikumalizie.' Watu wema kweli, Mzee Mfaume. Siku ya mtihani nilisimama kwenye jiliwa nikagundua sijawahi kumaliza kipande hata kimoja. Nilirudia mwaka mzima. Baba yangu aliuza kahawa yake ili nirudie."

Nikasema, "Nami nilidhani wewe mjeuri."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unaitikia shikamoo yangu kwa pua."

Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mungu amsitiri binti huyu.

Jumanne, 18 Mei

Naandika mwenyewe. Kulia.

Plasta imetoka. Mkono umekonda, umekuwa mweupe kama wa mtu mwingine. Vidole viwili havikunjiki. Daktari anasema mazoezi, na anasema bila kuniangalia machoni, kwa hiyo nimeelewa. Maandishi yangu yamekuwa haya. Tunu kasema yanasomeka. Namshukuru, uongo wake mtamu.

Jumamosi, 22 Mei

Nimejaribu kupiga tupa nikiwa peke yangu karakana. Inaponyoka. Nimejaribu tena na tena. Nikaifuta, nikairudisha mahali pake.

Jumanne, 1 Juni

Idi ya kuchinja. Nyama ilitoka kwa Nusaiba. Nimekunja na kukunjua vidole siku nzima chini ya meza.

Alhamisi, 3 Juni

Nimekwenda kiwandani. Sadallah kanitangulia, yeye kachukuliwa. Mhandisi wao mpya, kijana mwenye adabu, kanipa spana na kunionyesha nati, akasema, "Kaza tu mzee, tuone." Nikaizungushia vidole. Vitatu vilishika, viwili vikabaki vimesimama kama wageni. Spana ikaanguka. Akaiokota yeye mwenyewe, akasema pole, na alikuwa anasema kweli.

Nilijua nitalia. Tangu Desemba nilikuwa nimejiwekea kwamba, siku nikikosa kiwanda, nitalia. Nikatoka getini, nikangoja. Hakikuja kitu. Nikakumbuka mchana ule Shamimu na wenzake wana zoezi la mwisho la jaribio na Leodegar alikuwa bado hajakaa sawa upande wa kulia. Nikaharakisha. Nilifika wakiwa bado hawajapumzika.

Jumatano, 9 Juni

Jaribio.

Mtahini katoka nje ya kituo, hatujui jina lake, ana miwani na saa kubwa. Kasema wasaidizi wote nje. Mwalimu Kokuberwa naye nje. Tukasimama chini ya dirisha yeye na mie, hakuna mvua, ardhi inafuka mvuke.

Huwezi kuona kwa lile dirisha, liko juu. Unasikia. Nikafumba macho, nikawajua mmoja mmoja. Shamimu, shaa shaa, haharakishi wala hapungui. Farhan ana haraka lakini safi, kama anavyosema. Halafu nikasikia yule paka aliyekanyagwa. Ilikuwa kwenye meza ya dirishani, pa Leodegar. Alikuwa anabonyeza. Uoga umempanda, kaanza kubonyeza kwa uzito wote.

Neno lilikuwa mdomoni. Neno moja tu: mwepesi. Lingepenya dirishani, angelisikia, angejua ni mie. Mwalimu Kokuberwa alinitazama, naye alikuwa anasikia. Hakunikataza. Niliuma mdomo. Wangemfukuza kwenye jaribio, na lisingekuwa lake tena. Tukasimama pale mpaka kengele, tunasikiliza kipande cha mtoto kinaharibika.

Jumatatu, 21 Juni

Matokeo. Shamimu kapita, mtahini kaandika "vizuri sana" na kapiga mstari chini. Farhan kapita. Wengi wamepita. Leodegar hakupita.

Shamimu alinijia, kashika karatasi kwa mikono miwili. Nilidhani atashukuru, nikawa najiandaa kusema si mie. Akasema, "Fundi, nataka kwenda Morogoro kusomea ualimu. Mwalimu anasema inawezekana." Kisha ndipo akalia, yule ambaye sijamwona akilia. Mwalimu Kokuberwa akatoka nje, akajifanya anaangalia bati.

Leodegar sikumpata. Walisema kaondoka mapema.

Jumanne, 22 Juni

Mkuu wa kituo, Mzee Gaspar, kaniita ofisini. Nilikuwa msaidizi wa muda mpaka mwisho wa Juni, nikajua ndiyo kuagana. Akasema, "Nilimwambia Mwalimu Kokuberwa tukutafutie kazi ya stoo, kwa sababu ya mkono wako. Kakataa. Kasema kijana yeyote anaweza kumshikia tupa, ila wa kumsemea hana." Kisha akanipa mkono, wa kushoto, akanikaribisha rasmi.

Nimemkuta Mwalimu karakana, nikamwambia, "Ahsante, mwalimu wangu." Sikuwahi kumwita hivyo. Aliinama kwenye droo akitafuta kitu ambacho nadhani hakikuwemo.

Nimemwambia Tunu. Kafurahi, kisha kauliza Leodegar yuko wapi.

Alhamisi, 24 Juni

Jua kali, mchanga umekauka. Karakana ilikuwa tupu, vijana wako likizo. Nilikuwa napanga vyombo nikasikia mtu kasimama mlangoni, akaziba mwanga wote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Mbagala. Shemeji anataka nikabebe mizigo bandarini." Akaingia kidogo. "Mie nataka kurudia."

Nikamkaribisha kwenye kiti, hakukaa. Nikamwambia ukweli wangu: kwamba kuna vituo vingine, kuna mafundi wenye mikono mizima, na kwamba yeye alishindwa akiwa mikononi mwangu mie. Kwa nini asijaribu kwingine?

Akafikiri. Leodegar hukawia kujibu.

"Kwingine wataanza kutafuta nilipokosea. Wewe unapajua."

"Napajua," nikasema. "Nilikuwa chini ya dirisha. Nilikusikia."

Akaniangalia. "Ulisikia, na hukusema?"

"Sikusema."

Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki. Alisimama pale, mikono yake mikubwa imening'inia, nikaona uso wake unalegea pole pole, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu na kumbe kulikuwa na mwenzake upande wa pili.

"Basi niambie sasa," akasema.

Akavua shati, akalitundika. Akachagua kipande kwenye sanduku, akakibana kwenye jiliwa, akakaza. Akatanguliza mguu wa kushoto. Akainua tupa, akaishikilia juu ya chuma bila kugusa, akanisubiri niseme.